Uzoefu wangu: kupimisha oili ya injini maabara baada ya kushuku kuwa imeingiwa na dizeli

Ninaendesha pikapu ya dizeli yenye silinda 4 na mfumo wa komon reli (bomba moja la presha kubwa linalogawia silinda zote dizeli), na siku nyingi haitoki nje ya safari fupi kati ya nyumbani Morogoro mjini na shambani. Kabla ya masika kuanza nilichomoa dipstiki asubihi moja nikakuta oili imepanda milimita 8 hivi juu ya alama ya juu, ilhali tangu nimwage oili mara ya mwisho sikuwa nimeongeza hata tone. Wengi wetu tumezoea kuogopa oili inayopungua, lakini inayoongezeka ndiyo inayostahili hofu kubwa zaidi, kwa sababu oili haizaliani ndani ya injini; ikiongezeka ni kwamba kuna kitu kingine kimeingia, na mara nyingi kitu hicho huwa ni maji ya rejeta au mafuta ya gari lenyewe.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliitazama oili, akasugua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia, "Bosi, gaskiti ya hedi imekwenda, tufungue." Sikukubali, kwa kuwa maji ya rejeta hayakuwa yakipungua, na chini ya kifuniko cha kuongezea oili hapakuwa na ule utando wa rangi ya chai ya maziwa unaotokea maji yanapochanganyika na oili. Nilichokisikia mimi puani ni harufu ya dizeli. Hata hivyo pua si kipimo cha kutegemea, kwa sababu oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ya dizeli hunuka dizeli kidogo hata ikiwa nzima. Nilijaribu pia njia ya karatasi, yaani kudondosha tone moja juu ya karatasi ya chujio na kuliacha hadi kesho yake. Katikati lilibaki duara jeusi la masizi, likafuatiwa na pete ya kahawia, na nje kabisa ikatandaa pete pana, nyepesi na yenye mng'ao wa mafuta. Pete hiyo ya nje ndiyo iliyonitia wasiwasi, ila karatasi haiwezi kukuambia ni asilimia ngapi, wala haiwezi kukuhakikishia kwamba gaskiti ni nzima.

Ndipo nilipoamua kutumia huduma ya maabara moja ya Dar es Salaam inayopima oili za mitambo, malori na jenereta, na ambayo hupokea pia sampuli za magari madogo. Gharama ilikuwa karibu sawa na bei ya galoni moja ya oili ya lita 5. Walinitumia chupa safi ya plastiki yenye ujazo wa mililita 100 pamoja na fomu, na nikairudisha kwa basi kama kifurushi.

Ubora wa majibu unategemea sana jinsi unavyochukua sampuli, na hapa maelekezo yao yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Injini iwe imetembea hadi ikapata joto lake la kawaida, ili kila kilichomo kiwe kimechanganyika. Oili ya kwanza inayotoka unapofungua nati ya kumwagia iachwe ipite, kwa sababu inabeba tope la chini, kisha chupa ikingwe katikati ya mtiririko. Kwa anayeshuku dizeli ningeongeza jambo moja: chukua sampuli katika siku za matumizi ya kawaida, si baada ya safari ndefu, kwa kuwa joto la safari hupunguza mafuta yaliyomo na majibu yanaweza kuonekana mepesi kuliko hali halisi. Petroli ndiyo inayokimbia haraka zaidi, lakini hata dizeli hupungua kiasi.

Fomu ilitaka jina na daraja la oili, kilomita za gari na kilomita za oili yenyewe. Nilifanya jambo ambalo hawakuliomba, nikaweka na chupa ndogo ya oili mpya kutoka kwenye galoni ileile niliyotumia. Oili bandia zimejaa madukani, na kama mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, ungeonekana umeshuka, nilitaka kujua kama umeshushwa na dizeli au niliuziwa oili nyepesi tangu mwanzo. Namshauri kila mtu afanye hivyo, japo utalipia kipimo kidogo cha ziada.

Majibu yalichukua siku 9. Oili yangu ni 15W-40, na kwa daraja la 40 mnato katika nyuzi joto 100 unapaswa kuwa kati ya sentistoki (kizio cha mnato) 12.5 na 16.3. Oili mpya ilisoma 14.6, hivyo galoni lilikuwa halali. Iliyotoka kwenye injini ilisoma 10.9, maana yake nilikuwa ninatembea na oili nyepesi zaidi, ya daraja la 30, bila kujua. Kiasi cha dizeli kilikuwa asilimia 7, wakati maabara nyingi huanza kutahadharisha kati ya asilimia 2 na 5. Sodiamu na potasiamu, ambazo hutoka kwenye dawa ya rejeta, zilikuwa chini kabisa, na maji hayakuonekana. Mstari huo mmoja uliniokolea gharama ya kufungua hedi isiyokuwa na tatizo lolote. Madini ya risasi na chuma yalikuwa yameanza kupanda, dalili kwamba beringi na kuta za silinda zilikuwa zinalika kwa kukosa utando mzito wa oili.

Kasoro yao kubwa ni ripoti yenyewe. Imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, imejaa vifupisho, na mwishoni ina ushauri mmoja tu wa jumla kwamba mfumo wa mafuta ukaguliwe. Mwenye gari wa kawaida asingeambulia kitu. Nilipopiga simu, mtaalamu alinieleza kwa upole kwa karibu dakika 20, akaniambia pia kwamba walipima dizeli kwa kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha dizeli na oili na kuipima moja kwa moja, badala ya kukisia kutokana na kushuka kwa mnato. Lakini maelezo hayo yangepaswa kuwa kwenye karatasi, tena kwa Kiswahili.

Maabara inakuambia kilichoingia, haikuambii kilikoingilia. Kwa ripoti hiyo nilikwenda kwa fundi wa pampu na nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda. Alianza na kipimo cha rejesho, yaani kupima dizeli ya ziada inayorudishwa na kila nozeli, akachomeka mirija kwenye chupa nne na kuiacha injini ingurume, na chupa zote zikajaa karibu sawa. Hakuridhika, na alikuwa na haki, kwa sababu mafuta ya rejesho hurudi kwenye tangi na si kwenye oili. Alizitoa nozeli zote akazifunga kwenye benchi ya kupimia. Tatu zilibaki kavu mdomoni baada ya kufunga. Ya silinda ya 3 iliota tone dogo kwenye ncha, likavimba taratibu, likadondoka, na jingine likaanza kuota. Dizeli ya namna hiyo haiungui yote. Inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuteremka kupitia kwenye ringi hadi chini.

Nilibadilisha nozeli hiyo, nikamwaga oili pamoja na kubadilisha chujio, kisha baada ya kilomita 2,000 nikatuma sampuli ya pili. Dizeli ilikuwa chini ya asilimia 1 na mnato ulisoma 14.1. Dipstiki haijapanda tena. Chupa ya tatu ninayo tayari kwenye kabati, nitaituma nitakapomwaga oili hii, hasa kufuatilia ile risasi kama imetulia.