Siril kwa Anayeanza: Uzoefu Wangu wa Kuchakata Picha za Anga Nikiwa Nakuru

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitumia Siril kuchakata picha za anga ninazopiga kwenye ukingo wa kreta ya Menengai, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye kamera ya kawaida na tripodi, asiye na darubini, anayejiuliza kama programu hii itamfaa. Kwa maoni yangu itamfaa sana, mradi akubali kuelewa kila hatua anayoipitia. Programu ni huru, hailipiwi, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

Picha zangu za kwanza nilizipiga mwezi wa Februari, mwendo wa saa tatu usiku, wakati ambapo kundinyota la Orion, ambalo pia huitwa Jabari, huwa karibu utosini kwetu sisi tulio jirani na ikweta. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera isiyofuata mwendo wa anga, nyota huanza kuchora vistari baada ya sekunde chache tu, kwa hiyo nilipiga picha 240 za sekunde 3 kila moja, ambazo kwa jumla ni dakika 12 za mwanga. Picha moja peke yake haina mengi ya kutazamwa. Zikipangwa moja juu ya nyingine na kutafutiwa wastani, mwanga wa nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo ndani ya Orion, hubaki palepale ilhali chenga, zile nukta za ovyo zinazoletwa na kamera, hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani karibu mara 15 kwa picha 240.

Siril huja na skripti, yaani orodha za amri zilizoandaliwa tayari, zinazoifanya kazi hiyo zenyewe. Mimi nilizipa folda zangu majina ya Kiswahili, na skripti ikasimama papo hapo, kwa kuwa hutafuta folda zinazoitwa lights (picha za anga zenyewe), darks (za giza, lenzi ikiwa imefunikwa), flats (za kusawazisha mwanga) na biases (za giza za muda mfupi kabisa), bila kubadilisha hata herufi moja. Nilipozirekebisha ikaendelea vizuri hadi kwenye hatua ya kulinganisha nyota, yaani kuzipanga picha ili nyota zake zikae mahali pamoja, kisha diski ikajaa. Nilikuwa sijapiga hesabu: picha ya megapikseli 18, ikishatenganishwa katika rangi tatu na kuhifadhiwa kwa biti 32, huchukua megabaiti 216, hivyo picha 240 hudai karibu gigabaiti 52, na zikishalinganishwa huhifadhiwa upya kwa ukubwa uleule. Kwa kipakatalishi changu ilinibidi kuchagua biti 16 kwenye mipangilio, na nafasi iliyohitajika ikapungua kwa nusu. Ningependa kila anayeanza alijue jambo hili kabla ya kubofya chochote.

Kisha picha iliyokamilika ikafunguka ikiwa nyeusi kabisa. Hilo si kosa, kwani data bado haijanyooshwa, yaani sehemu zake hafifu hazijang'arishwa ili zionekane, na karibu mwanga wote umejibana kwenye ukingo wa kushoto, ule wa giza, wa histogramu, grafu inayoonyesha mgawanyo wa mwanga kwenye picha. Nilipochagua mwonekano wa kunyoosha kiotomatiki, nebula ilitokea mbele yangu, nikaihifadhi kwa furaha na kumtumia dada yangu. Alichopokea ni weusi wenye nukta chache, kwa sababu mwonekano ule hubadilisha kinachoonekana kwenye skrini tu na haugusi faili lenyewe. Kunyoosha kwenyewe hufanywa kwa mkono, na ndiko kulikonifundisha zaidi: ukivuta mara moja kwa nguvu, kitovu cha nebula hugeuka doa jeupe lisiloweza kurejeshwa, lakini ukivuta kidogo kidogo, mara nne au tano, unaona kingo zikijitokeza kama moshi.

Kabla ya kunyoosha, taa za Nakuru zilipaswa kuondolewa. Upande wa kusini wa kila picha yangu ulikuwa na wekundu wa machungwa, na Siril huuondoa kwa kupima mandharinyuma kwenye vijisanduku vidogo vilivyotawanywa juu ya picha. Mara ya kwanza niliviacha vijisanduku vitatu juu ya nebula yenyewe. Programu ikauchukulia mwanga wake kuwa mng'ao wa mji, ikautoa, na kukabaki shimo la kijivu kuizunguka. Siku hizi ninavikagua kimoja kimoja na kukifuta kila kinachogusa nebula. Pembe za picha zilizotiwa giza na lenzi, hata hivyo, hazikuondoka kwa njia hiyo. Hizo zilihitaji picha za kusawazisha mwanga, zile za folda ya flats, ambazo nilizipiga alfajiri iliyofuata nikiwa nimefunika lenzi kwa fulana nyeupe, bila kugusa fokasi.

Kwa upande wa rangi ninaiamini programu hii kuliko macho yangu. Huitambua sehemu ya anga iliyopigwa, kisha hulinganisha rangi za nyota na vipimo vya katalogi za nyota, vikiwemo vile vya setilaiti ya Gaia iliyorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mwaka 2013. Nebula yangu ilitoka ya waridi hafifu, si nyekundu iliyokolea, kwa kuwa kichujio kilicho ndani ya kamera ya kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa hidrojeni wa nanomita 656. Nimeiacha hivyo hivyo.

Mafaili yale 240 sijayafuta. Nimeyachakata upya mara nne tangu Februari, na katika toleo la mwisho, upande wa kaskazini wa nebula kuu, kuna ukungu mdogo wa samawati ambao katika matoleo matatu ya kwanza nilikuwa nimeufuta pamoja na taa za mji.