Pastéis de Belém au Manteigaria: Ukiwa Lisbon, uanzie wapi?

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, huwezi kuondoka bila kuonja pastel de nata: kikeki cha unga wa matabaka kilichojaa kastadi ya viini vya mayai, juu kimeungua kidogo kwa moto mkali wa tanuri.

Kati ya maduka haya mawili ya kuoka vikeki hivyo, Pastéis de Belém ndiyo kongwe. Inaoka tangu 1837, jirani na monasteri ya Jerónimos ambako mapishi yake yalitoka, na hadi leo ni siri. Foleni ya nje isikutishe. Mara nyingi ni ya wanaofungashiwa. Ndani kuna kumbi kubwa zenye vigae vya buluu, unakaa na kuhudumiwa. Ganda ni kavu, linavunjika kwa mlio, na kastadi haijazidi sukari.

Manteigaria ya mtaa wa Chiado ilifunguliwa 2014 palipokuwa na duka la siagi. Unakula umesimama kaunta, ukiwatazama waokaji kazini. Kengele ikilia, mkupuo mpya umeiva.

Kwa ladha tu, nachagua Manteigaria: kastadi ni laini mno, na kikeki hukufikia kingali moto. Ila ukiwa na wazee au watoto waliochoka, nenda Belém mkapumzike. Kokote uendako, nyunyiza mdalasini, wala usiweke vya kesho, maana ganda hulainika.