Wameithamini mashine yangu ya kunolea kwa kilo

Kama una nondo zilizobaki au geti lililooza, waite hawa wanunuzi wa mashine za mtumba wa Gerezani. Mashine ya kunolea usiwaitie. Walikuja Keko kuthamini yangu ya kunolea visu vya randa, ile ndefu ambayo kichwa chenye jiwe kinatembea juu ya reli, na hadi leo nikiwakumbuka damu inachemka.

Kijana waliyemtuma aliingia na "niaje mzee". Mvi zote hizi, shikamoo hakuna. Haya, hayo tumeshayazoea. Kamba ya kiatu ilikuwa imemfunguka. Akainua mguu, akaukanyagia kwenye reli ya mashine, akafunga kamba taratibu huku anaongea na simu. Kwenye reli! Kiatu kimetoka nje, kimejaa mchanga.

Reli ndiyo mashine yenyewe. Huliwa zaidi katikati kuliko miishoni, kwa sababu visu vingi ni vifupi na kazi yote hufanyika pale pale. Ikishaliwa, kichwa kikifika katikati kinazama, kisu kinanolewa kupita kiasi mahali hapo, ukikifunga kwenye randa ubao unatoka na kivimbe. Mnunuzi anayejua kazi huanzia hapo: analaza rula ya chuma iliyonyooka, anainama, anatazama mwanga unapenya wapi. Huyu alianzia hapo kwa kiatu.

Nikamwambia umeme upo, washa usikie beringi. Beringi iliyochoka hujificha mota ikiwa kwenye kasi. Ukizima, jiwe linapopunguza mwendo ndipo inapokoroma. Hakuwasha. Hakushika shafti kuitikisa aone kama inacheza. Kibao cha mota hakukisoma, na kimeandikwa 50 Hz, mizunguko 2,850 kwa dakika, yaani mota ya umeme wetu. Zipo za Marekani zinaletwa huku na mota ya 60 Hz, zinapoteza moja ya sita ya mwendo wake, na watu wananunua kwa kuangalia rangi tu. Jiwe la akiba nililitundika kidoleni mwenyewe, nikaligonga kwa mpini wa bisibisi, likalia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, na likipasukia kwenye kasi ile linaua mtu. Nikasubiri aseme neno.

"Mzee, hii ina kilo ngapi?"

Akataja laki tatu. Sumaku ya kushikia visu peke yake siitoi kwa bei hiyo!

Nisiwaonee lakini. Nilipombana alisema jambo moja la maana: "Fezi tatu huku mtaani anayo nani?" Kweli, mota yangu inataka umeme wa fezi tatu, wa nyaya tatu za moto, na karakana nyingi ndogo zina fezi moja, na ukilazimisha mota ya fezi tatu kwa kapasita inazunguka ila nguvu inapungua. Tena siku hizi kuna randa za visu vidogo vya kabaidi, kikiisha makali upande mmoja unakigeuza, pande zote zikiisha unatupa. Mwenye randa hiyo hahitaji kunoa. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikakaa muda mrefu bila mteja. Wao walikuja na gari lenye winchi na pesa mkononi, wala hawakunizungusha na ahadi za kesho. Kwa hilo tu nilitaka kuwapa nyota tatu.

Ila kama shida ni soko, si angesema soko? Ningemwelewa, mimi pia ni mfanyabiashara. Mtu anayeulizia kilo hajaja kununua mashine ya kunolea, amekuja kununua skrepa, na skrepa haihitaji mthamini, inahitaji mizani. Nyota tatu nimezifuta. Mbili ni za gari na pesa taslimu. Hapana, moja, maana ile reli nimeifuta kwa mafuta ya taa mara ngapi sijui, na bado kidole kinakutana na mkwaruzo ambao haukuwepo.

Juzi juzi wamepiga tena, wameongeza hamsini elfu. Nimewajibu wamtume mtu mwingine, aje na rula na kipimo cha saa, kile chenye mshale cha kupimia kama kitu kimenyooka, tuanze upya.