Pampu Inapokwama Mara Moja Moja: Remington 870 Mezani

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo mezani ni Remington 870, bunduki ya marisau ya pampu, geji 12. Ubovu wenyewe mnaujua: inapiga tatu vizuri, ya nne inakwama, halafu inarudi kuwa sawa kama haikutokea kitu. Bunduki inayokwama kila mara si kazi kuitengeneza. Hii ya kuvizia ndiyo inayowatoa watu jasho.

Kabla ya yote, toa risasi zote. Tazama chemba, ile nyumba ya risasi nyuma ya mtutu, kwa macho, kisha tia kidole uguse, na mdomo wa bomba la risasi lililo chini ya mtutu vilevile. Majaribio ya leo ni ya risasi bandia za plastiki. Za moto zikae chumba kingine, mlango umefungwa.

Sasa weka bisibisi chini, tazama risasi imekwamia wapi.

Haikutoka kwenye bomba? Mshukiwa wa kwanza ni mkono wako, usikasirike. Risasi mpya huachiwa mpini, ule wa pampu unaouvuta kwa mkono wa mbele, ukikaribia kabisa mwisho wa safari yake ya nyuma. Ukivuta nusunusu, ganda kuukuu linaweza kuruka nje na mpya isiachiwe. Unasukuma mbele, bolti, kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, inafunga juu ya chemba tupu, ukifyatua unasikia tak! basi. Vuta mpaka igonge nyuma, sukuma mpaka igonge mbele. Koki hivyo mara 20 kwa risasi bandia. Isipokosa hata moja, dawa umeipata bila kununua kipuri.

Ikikosa, twende kwenye springi. Vaa miwani. Fungua kofia ya mbele, toa mtutu, halafu banua kizuizi cha springi huku umekiziba kwa dole gumba, maana springi ikiponyoka itakutafuta jicho. Ikishakuwa huru ichomoze nje ya bomba shibiri nzima hivi. Ikichungulia tu, imekufa, badilisha. Hapa Mombasa, na upepo huu wa chumvi, utakuta pia kutu ndani ya bomba. Ipanguse mpaka ikauke. Wengi hukosea hapa, wanamimina mafuta bombani. Mafuta yanashika vumbi yanakuwa uji, tena yanaweza kupenya kwenye fataki ya risasi, ile inayowasha baruti. Kitambaa kilichonusishwa mafuta kinatosha.

Je, zimetoka mbili kwa pamoja, au moja imeteleza ikakwama kati ya bolti na kinyanyuzi, kile kibao kinachoinua risasi kwenda chemba, na mpini haurudi nyuma? Hapo ni vile vizuizi viwili vya ubavuni, kimoja kinachoishika risasi ya kwanza kutoka na kingine kinachoizuia inayofuata. Mara nyingi ni uchafu tu umejaa nyuma yake, na mswaki mkuukuu na dawa ya kusafishia bunduki vinatosha. Lakini kwenye 870 vimegongewa kwenye mwili wa bunduki, kwa hivyo kikilegea usikichokoe wewe. Tazama pia kinyanyuzi kwa chini: kikiwa na mkato kama herufi U ni cha toleo linalorahisisha kujikwamua.

Risasi imeingia, bolti haifungi? Au ganda limeng'ang'ania, nawe unadhani shida ni risasi mpya? Chemba hiyo. Mtutu wa geji 12 ni milimita 18.5, lakini chemba ni pana zaidi, milimita 20 na ushei. Brashi ya mtutu inapita mle inaogelea tu, haisugui kitu, na utando wa plastiki ya maganda unabaki palepale. Nunua brashi ya chemba. Halafu toa mtutu kwenye bunduki, uchukue peke yake mpaka kile chumba cha risasi za moto, dondosha risasi ndani: iingie kwa uzito wake, na ukigeuza itoke yenyewe. Inayogoma imevimba au kichwa chake cha chuma kimeshika kutu, iweke kando. Na hakikisha urefu: mtutu ulioandikwa milimita 70 usitiwe ya 76, hata ikikubali kuingia. Urefu ule hupimwa ganda likiwa limefunguka, ndiyo maana inakudanganya.

Ndoano ya bolti, ile inayovuta ganda kutoka chemba, ichokoe chini kwa kijiti cha meno. Basi.

Hukumu yangu kwa mtu wa Pwani anayechagua baina ya hii na Mossberg 500? 500. Mwili wake ni wa alumini, ndoano ni mbili, na ukitoa sehemu ya triga, inayoshikwa kwa pini moja, vizuizi vya risasi vinatoka kwa mkono. Ila bomba la 500 nyingi limezibwa mbele, kwa springi lazima ulifungue bomba zima kutoka mwilini. Kazi hiyo, na ya vizuizi vya 870, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, nawe uwe na cheti chako cha silaha mfukoni. Si yule wa makufuli pale Kongowea.