Kisu Kinachokata Vyembamba: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache

Wanunuzi wengi hupima kisu dukani kwa kupitisha kidole gumba kwenye makali, na wakiona yanakwaruza ngozi hulipa na kuondoka. Kipimo hicho husema machache, kwa sababu kisu kipya karibu chochote huwa kikali siku ya kwanza, na kisu butu hunolewa. Jambo gumu kurekebisha baada ya kununua ni unene wa bamba la kisu, hasa ile sehemu iliyo juu tu ya makali. Unene huo ndio unaoamua kama kitunguu cha kachumbari kitatoka duara nyembamba zinazopitisha mwanga, au kitabanwa na kusambaratika kwenye ubao.

Tofauti hii huonekana wazi ukikata nyanya, kisha karoti. Nyanya hupima makali, kwa kuwa kisu butu huteleza juu ya ganda lake na kuiponda. Karoti hupima unene: kisu kinene, hata kiwe kikali kama wembe, huingia nusu kisha huipasua kwa mlio unaosikika, na kipande hutoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Kisu chembamba huifikia mbao kimyakimya. Kwa kuwa dukani hutapewa karoti, bana bamba kwa kidole gumba na cha shahada kwenye mgongo wa kisu, kisha teremsha vidole polepole kuelekea makali bila kuyagusa. Unapaswa kuhisi chuma kikipungua mfululizo; kama unene unabaki uleule hadi karibu na makali kisha unakatwa ghafla, rudisha kisu hicho rafuni.

Kwa ukataji mtupu, nafasi ya kwanza naipa gyuto, yaani kisu cha mpishi cha Kijapani, cha urefu wa sentimita 21. Mfano mzuri ni Tojiro DP kutoka Tsubame, mkoani Niigata. Kiini chake ni chuma cha VG10, chenye takriban asilimia 1 ya kaboni na asilimia 15 ya kromiamu, kilichofungwa katikati ya tabaka mbili za chuma laini. Ugumu wake hufikia kama 60 kwa kipimo cha Rockwell, na kwa sababu hiyo makali yake hunolewa kwa pembe ya nyuzi 15 kila upande na bado yakadumu. Hata hivyo, chuma kigumu humeguka: gyuto hakivunji mfupa wa kuku, hakipasui nazi, wala hakifungui kopo. Ni kisu ghali ambacho mara nyingi hulazimu kuagizwa kutoka nje, nami simshauri mtu kukinunua kama jikoni kwake visu hutupwa pamoja na vijiko kwenye karai la vyombo.

Nafasi ya pili ni ya kisu cha chapa ya Kiwi kutoka Thailand, na kwa mifuko ya wengi wetu hiki ndicho cha kununua. Mgongo wake una unene wa kama milimita 1.5 tu, na kikiwa kimenolewa hukata kabichi na karoti vizuri kuliko visu vingi vyenye bei mara kadhaa ya bei yake. Chuma chake ni laini, kwa hiyo makali hupotea upesi, lakini hurudi upesi vilevile. Pindua kikombe au sahani ya udongo, tafuta ule mviringo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa, kisha pitisha kisu mara chache kila upande. Anayekata sukuma wiki au mchicha mkononi, bila ubao, achague Kiwi kifupi. Watazame akina mama mboga wa Nairobi wanavyokunja majani, wakayakamata kwa ngumi na kuyachonga kuelekea kidole gumba: visu vyao mara nyingi ni vifupi, vyepesi, na vimenolewa hadi vimekonda. Gyuto ndefu katika kazi hiyo ni hatari kwa mkono.

Victorinox ya sentimita 20 yenye mpini wa plastiki uitwao Fibrox, inayotoka Uswisi, naiweka ya tatu kwa ukataji, ingawa ndiyo ningeiweka kwenye nyumba ambamo kisu kimoja hushikwa na kila mtu. Ina uzito usiozidi gramu 200, mpini wake hautelezi hata mikono ikiwa na mafuta ya nyama, na chuma chake, chenye kama asilimia 0.5 ya kaboni, huvumilia kutumiwa vibaya bila kumeguka.

Visu vya mafundi wa jua kali, vinavyofuliwa kwa springi za magari, vinafuata. Chuma cha springi ni kizuri na hushika makali, ila visu vingi huachwa vinene mno. Kama unamfahamu fundi, mwombe apunguze bamba kuanzia katikati hadi kwenye makali, na kikague kabla ya kulipa: rangi ya buluu karibu na makali inaonyesha kuwa chuma kiliungua kwenye mashine na ugumu umepotea hapo. Kisu hiki hupata kutu, hivyo kikaushwe mara tu baada ya kukata ndimu au nyanya.

Visu vizito vya kufuliwa kutoka Solingen, Ujerumani, ni imara na hutenganisha viungo vya kuku bila shida, lakini kwa vipande vyembamba ni vinene. Visu vya meno vya bei ya chini, vile vyenye mpini wa plastiki, vibaki kwa ajili ya mkate. Kwenye nyama na mboga huchana badala ya kukata.

Unapopanga bajeti, tenga fedha za jiwe la kunolea la namba 1000 (namba hiyo huonyesha ulaini wa chembe zake) na ubao wa mti au plastiki, kwa kuwa kukatia kwenye sahani, sinia au kaunta ya marumaru hufuta makali ya kisu chochote kati ya hivi ndani ya mlo mmoja. Ukinunua gyuto, usimpe mnoaji wa baiskeli anayetumia jiwe kavu linalozunguka kwa kasi, maana joto lake huweza kuharibu makali hayo membamba.