Begi la tuba nililonunua Kariakoo likanifia Kigoma

Ninaandika nikiwa bado na hasira na sioni sababu ya kuificha. Begi lenyewe, la kubebea tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, ni lile laini, jeusi, lenye sponji ndani, mikanda miwili ya mgongoni na mshikio wa pembeni, ambalo nilililipia zaidi ya laki mbili katika duka moja la vyombo vya muziki Kariakoo, likatumwa kwa basi hadi hapa Tabora. Jina la duka silitaji. Atakayetaka urefu, upana na idadi ya mifuko atavikuta kwenye tangazo lao, tena vimeandikwa kwa herufi kubwa. Mimi nazungumzia zipu, na jibu nililopewa nilipoilalamikia zipu hiyo.

Napiga tuba katika kikundi cha matarumbeta cha kanisa. Wanaocheza muziki wetu harusini huwaangalia vijana wa mbele wenye tarumbeta ndogo zinazong'aa, na ni wachache wanaojiuliza yule wa nyuma anayetoa besi amelifikishaje dude lile ukumbini. Tuba yetu ni ile kubwa ya sauti ya chini kabisa, ambayo bomba lake lingenyooshwa lingepita mita 5, na uzito wake unakaribia kilo 10. Ina sehemu mbili za kuogopewa. Ya kwanza ni mdomo, ule mpana unaotoa sauti, ambao bati lake ni jembamba na hukunjika kwa urahisi, ingawa ukibonyea kidogo chombo huendelea kulia na aibu inabaki ya macho tu. Ya pili ni nyumba za pistoni, zile zinazobonyezwa kwa vidole kubadili sauti, ambazo ni imara zaidi lakini hazisamehi, kwa sababu pistoni imechongwa ikae ndani kwa nafasi finyu mno, na kibonyeo kidogo kama punje ya mtama kinatosha kuifanya igande isipande wala isishuke. Begi lolote la tuba lipimwe kwa mambo hayo mawili kabla ya kuulizwa lina mifuko mingapi.

Kwa nini sikuchukua sanduku gumu? Swali hilo nimeulizwa na kila mtu tangu mkasa huu utokee, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kubeba hata filimbi. Sanduku gumu la tuba likiwa tupu laweza kuwa na uzito sawa na tuba yenyewe, au zaidi. Ukishaiweka tuba ndani, mtu mmoja hawezi kulibeba mbali, kwenye bajaji linakula kiti chote cha abiria, na kwenye bodaboda ni jambo la kusahau kabisa. Magurudumu yake madogo yametengenezwa kwa ajili ya sakafu laini na korido, si kwa vichochoro vyetu vyenye mchanga ambamo yanazama hadi kwenye ekseli. Mimi natoka nyumbani kwenda mazoezini jioni kwa miguu, na pengine narudi gizani. Mtu wa namna hiyo anahitaji begi la mgongoni, na kwa hilo sijabadili mawazo, ingawa nakiri kwamba kwa safari ndefu ya basi sanduku lingenipa usingizi.

Kabla ya kulipia nilimweleza muuzaji kwa kirefu, kwa simu na kwa maandishi, kwamba begi litasafiri kwenye buti la basi, na kwamba barabara zetu zina vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Akanijibu kwamba begi hilo ni la kimataifa, kwamba linachukua tuba ya aina yoyote, na hata suzafoni linaichukua. Suzafoni! Chombo kinachovaliwa kuzunguka mwili, chenye mdomo mpana unaofunguliwa na kuwekwa peke yake, anadai kinaingia katika begi lile lile lililoshonwa kwa umbo la tuba ya kupakata. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayeuza viatu vya saizi moja kwa ukoo mzima, na fedha nilikuwa nimekwisha kuzikusanya kwa wanakikundi.

Kwa muda fulani begi lilifanya kazi, na lazima niseme kweli. Mikanda ya mgongoni ni mipana, haikati mabega, na sehemu ya chini ina sponji nene iliyoongezewa kipande kigumu, kwa hiyo tuba ikitua chini kwa kishindo haiumii. Mfuko wa ndani wa kuwekea kile kidomo cha kupulizia ndio uliokuwa wa kwanza kunitia shaka, kwa sababu umeshonwa sawasawa juu ya pistoni, na kidomo cha tuba ni kipande kizito cha chuma. Kila tairi likiingia shimoni kinagonga pale pale pasipotakiwa kuguswa. Tangu siku ya kwanza kidomo nakibeba kwenye mfuko wa koti. Aliyeuchora mfuko ule hajawahi kupanda basi, au hajawahi kuiona tuba.

Mwaka huu, mvua zikielekea ukingoni, tulialikwa kupiga harusini Kigoma. Kwenda tulikwenda salama. Siku ya kurudi, stendi ya Kigoma, alfajiri, huku konda akipiga kelele kwamba gari linaondoka, nilikuwa nafunga begi kama ninavyolifunga siku zote. Zipu ilipanda vizuri ubavuni, ikafika kwenye kona inapozunguka ukingo wa mdomo wa tuba, ikagoma. Nilirudisha nyuma nikaivuta tena taratibu. Kichwa cha zipu kikaachia upande mmoja, meno nyuma yake yakafunguka yote hadi chini, na kile kichwa kikabaki mkononi mwangu, chepesi, kimepanuka mdomo, chuma chake laini kiasi kwamba niliweza kukibana kwa vidole. Mdomo wa tuba ukatokeza nje ya begi mbele ya stendi nzima.

Dada mmoja wa kikundi chetu alitoa khanga zake mbili, tukalizungusha begi na kulikaza kwa mafundo, na utingo akalipokea kwa ahadi kwamba litalala juu ya mizigo yote. Tuliposhushwa Tabora, baada ya zaidi ya kilomita 400, begi lilikuwa chini ya viroba viwili vya chumvi vilivyopakiwa Uvinza, ubavuni mwake kuna dumu la mawese ambalo mfuniko wake ulikuwa umelegea. Wanaoyajua mawese ya Kigoma wanajua kwamba rangi yake haiombi radhi. Yalikuwa yamepita katika upenyo ule ule ambao zipu ilitakiwa kuuziba, yakalowesha sponji, yakaingia mdomoni mwa tuba na kutiririka hadi kwenye pistoni. Ukingo wa mdomo ulikuwa umekunjwa kwa ndani upana wa kiganja. Utingo simlaumu sana. Buti la basi ni buti la basi, na mtengenezaji wa begi la kubebea anapaswa kulijua kuliko mimi.

Nilimpigia muuzaji siku hiyo hiyo. Ni kijana, kwa sauti yake angeweza kuwa kitinda mimba wangu, lakini shikamoo haikuwamo. Nilimweleza yote kwa upole na kumwomba anitumie begi jingine au angalau alipie zipu mpya. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Bosi, hilo begi ni la kuhifadhia, siyo la kusafiria."

Nikamuuliza, "Kama ni la kuhifadhia, mwanangu, hiyo mikanda ya mgongoni ni ya kazi gani?"

"Ni ya kulihamishia," akanijibu, "kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Soma risiti, mzee, mali ikishauzwa hairudishwi." Akakata simu.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Hata kama ningekuwa na jumba la kifalme, sioni ni kwa nini nivae tuba mgongoni kwa mikanda miwili, nikaze na ule mkanda wa kifuani, ili niitoe sebuleni kuipeleka chumbani. Kama begi ni la kuhifadhia tu, basi hata kuhifadhia halifai, kwa kuwa halina hata tundu moja la kupitisha hewa. Tuba hujaa maji ya pumzi, na usipoyatoa yote na kuikausha kabla ya kuifungia, unyevu hubaki kwenye sponji. Chombo hiki ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na unyevu ukikaa muda mrefu zinki hulika, ukaanza kuona madoa ya rangi ya waridi kwenye bomba, ambayo hayafutiki kwa kusugua. Kwa hiyo la kusafiria halikuwa, la kuhifadhia pia halikuwa. Naomba anieleze liliuzwa kwa kazi gani.

Kuosha kulikula siku nzima. Tulifungua pistoni zote, tukatumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, si maji ya moto, kwa sababu moto huchubua ile vanishi ya nje. Mawese yalitoka bomba baada ya bomba, na harufu yake ilikaa wiki kadhaa, kiasi kwamba wapigaji wa jirani yangu walidai tunawapikia. Fundi mmoja wa bodi za magari alijitolea kuunyoosha mdomo kwa nyundo, tukamshukuru tukamrudisha kwake, kwa kuwa nyundo hutanua bati na kulifanya liwe na mawimbi. Mwenzetu mwenye uzoefu aliusukuma kutoka ndani kwenda nje polepole kwa gongo laini la mbao lililoviringishwa kitambaa. Kovu linaonekana, sauti imerudi. Pistoni zilikuwa nzima, na hapo ndipo nilipolazimika kukumbuka sponji ile ya chini na kipande chake kigumu. Bila hicho, viroba vile vingefika kwenye pistoni na leo nisingekuwa naandika habari ya begi, bali ya msiba.

Kwa hiyo siku ile nilisema begi nitalipa nyota tatu kati ya tano. Kisha nikalipeleka kwa fundi wa hapa Tabora anayeshona maturubai na viti vya mabasi, mzee wa watu, mtaratibu. Aliipitisha zipu ile katikati ya vidole, akaikunja, akacheka kidogo. "Hii ni zipu ya foronya ya kochi," akaniambia. Akanionyesha na jambo ambalo sikuwa nimeliona: kitambaa cha begi kilikatwa kifupi pale kwenye kona, hivyo tuba ikiwa ndani kingo mbili za zipu hazifikiani zenyewe, zinasubiri kichwa cha zipu kizivute. Kichwa cha zipu kazi yake ni kufunga meno, kuvuta mzigo si kazi yake, na kikivutwa kwa ubavu kila siku lazima kitapanuka. Akaongeza kipande cha turubai kwenye kona, akaweka zipu nene yenye vichwa viwili, ili kimoja kikichoka kingine kiwepo, akashona kwa uzi uliopakwa nta, na juu yake akaweka mikanda miwili yenye klipu inayobana mdomo hata kama zipu ingefunguka yote. Mfuko wa kidomo akauhamishia nje. Matundu ya hewa nilimwomba mimi, akayatia pete za chuma kama ya hema.

Begi hilo sasa ni zuri. Ni zuri kuliko begi lolote la tuba nililowahi kuliona, na nikiulizwa na mpigaji mwenzangu kama anunue la namna hiyo, karibu nimwambie anunue, mradi atenge na fedha ya fundi na alipeleke kabla halijasafiri hata mara moja. Akiwa dukani aiweke tuba yake ndani, si ya duka, aache zipu wazi, na atazame kama kingo zinakutana zenyewe. Zisipokutana aondoke.

Lakini nikifika hapo nakumbuka "kutoka chumba kimoja kwenda kingine", na zile nyota tatu zinanitoka mkononi. Sehemu nzuri za begi hili zimeshonwa Tabora. Kilichotoka dukani ni sponji ya chini na mikanda, basi ninayapa hayo nyota moja, na muuzaji simpi hata robo. Juzi amenitumia ujumbe wa matangazo, bila salamu, kwamba wameingiza masanduku magumu ya tuba na kwamba kwa wateja wa zamani kuna punguzo. Nimemjibu kwamba punguzo aanze na gharama ya zipu, vipande vya turubai, ufundi na khanga mbili zilizoharibika kwa mawese, ambazo orodha yake nimemwandikia kwa shilingi. Ameusoma, na hadi sasa hajajibu.