Pilau ya Kabul pale Deira: uzoefu wangu na mkahawa wa Kiafghani

Nikienda Dubai kufuata mzigo, siku zangu huwa za aina moja. Asubuhi niko Murshid Bazaar kwenye vitambaa vya jumla, mchana niko Naif nagombania bei ya mitandio, na jioni miguu inawaka moto huku tumboni hakuna kitu zaidi ya shawarma niliyoila nimesimama. Safari hii shoga yangu wa Unguja, ambaye tunachangia chumba na gharama za mzigo, aligoma. Leo tunakaa chini, akasema, tunakula chakula cha sufuria. Ndipo tukaingia mkahawa wa Kiafghani, mtaa wa nyuma pale Deira, mwendo wa kama dakika kumi kutoka kituo cha metro cha Baniyas Square.

Naandika haya kwa ajili ya wafanyabiashara wenzangu, hasa kina mama, kwa sababu najua wengi tunapita mbele ya mikahawa hii kila safari na hatuingii. Ukichungulia unaona wanaume tu, wamevaa kanzu zao fupi na suruali pana, wamekaa juu ya majukwaa yenye mazulia, viatu wameviacha chini. Unadhani hapakuhusu. Kumbe pembeni kuna vyumba vidogo vya familia vyenye mapazia. Mwambie tu mhudumu "family" na atakupeleka. Ukishavuta pazia uko kwako: unavua mtandio, unakunja miguu, unaegemea mto.

Kabla ya kukaa nilisimama mlangoni kumtazama mwokaji wa mikate. Tanuri lao ni la udongo, limezama chini ya kaunta na mdomo wake unatazama juu. Anachukua donge, analivuta kwa viganja hadi linafikia urefu wa mkono wangu, anapitisha ncha za vidole kulichora mifereji, kisha anainama na kulibandika ukutani mwa tanuri, ndani kabisa kwenye moto. Nywele za mkono wake zilishaungua zote. Baada ya muda mfupi anauchomoa mkate kwa vyuma viwili virefu, umevimba kati ya mifereji, na unafika mezani bado unatoa mvuke. Mkate huo hatukuuagiza. Unakuja wenyewe pamoja na supu ya kondoo kwenye bakuli na sahani ya vitunguu, matango na ndimu. Ukiisha, unaongezewa bure.

Tuliagiza pilau ya Kabul, karai ya kondoo nusu kilo, mantu, na kababu za chapli.

Nianze na pilau, maana ndiyo iliyotupeleka. Waafghani huihesabu kuwa chakula chao cha taifa, na mtu aliyekulia kwenye pilau ya shughuli kama mimi hawezi kuila bila kulinganisha. Ilikuja kwenye sahani ndefu, wali umefanywa kilima, nyama haionekani. Juu zimetandazwa karoti zilizokatwa nyembamba kama njiti za kiberiti, zimekaangwa kwa mafuta na sukari kidogo mpaka zinang'aa, pamoja na zabibu kavu zilizovimba. Shoga yangu alisukuma wali kwa kijiko, na chini yake kulikuwa na muundi mzima wa kondoo. Aliushika mfupa akautikisa kidogo, nyama yote ikabaki sahanini.

Wali wenyewe ni mrefu, wa sela, ule unaochemshwa kabla ya kukobolewa, kwa hiyo kila punje imesimama peke yake. Rangi ni ya kahawia kama ya kwetu, inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa na supu ya nyama. Viungo tulivitambua vyote: iliki, karafuu, pilipili manga, na ile ninayoiita binzari nyembamba na mwenzangu huiita uzile. Lakini mkono wao ni mwepesi. Pilau ya kwetu inakukaribisha kwa harufu tangu uko barabarani, wakati hii unaisikia ukishaitia mdomoni, na ladha inayotangulia ni ya nyama. Wao huuchemsha mchele nusu, wanaumwaga maji, wanauchanganya na ile supu nzito ya kondoo, halafu wanaufunika uive taratibu kwa moto mdogo, kama tunavyopalia makaa juu ya mfuniko. Pilipili hakuna kabisa. Ukikaa unasubiri ukali utasema chakula kimepooza, na utakuwa umekionea. Omba chatini ya kijani ya kotimiri na pilipili mbichi, wanayo, ila hawaileti usipoitaja.

Utamu wa karoti na zabibu ulinishughulisha kwa vijiko vitatu vya kwanza. Cha nne nikaelewa. Nyama ya kondoo ina mafuta mengi, na ule utamu ndio unaoyakata, kazi ambayo kwetu hufanywa na kachumbari.

Karai ndiyo iliyonishinda kwa uzuri. Jina ni lile lile la karai letu, na kweli chakula kinapikwa na kuletwa ndani ya karai jeusi linalochemka. Ni upishi wa Washinwari, kabila la Wapashtun wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Afghanistan na Pakistan kule Khyber. Ndani yake kuna nyama na mafuta ya kondoo, nyanya, pilipili mbichi na chumvi. Vitunguu hakuna, wala mchanganyiko wa bizari. Nilimuuliza mhudumu mara mbili kwa sababu sikuamini kwamba mchuzi mzito vile umetokana na nyanya tu. Tuliacha vijiko, tukawa tunamega mkate na kuzolea. Inauzwa kwa kilo na inapikwa ukishaagiza, kwa hiyo tegemea kusubiri nusu saa. Nusu kilo kwa watu wawili ni nyingi.

Mantu ni vifurushi vya unga vyenye nyama ya kusaga na vitunguu, vinapikwa kwa mvuke. Mwenye kujua kusukuma manda za sambusa atauheshimu wembamba ule. Juu wanamimina mtindi uliotiwa kitunguu saumu, mchuzi wa dengu, na nanaa kavu iliyosagwa. Mtindi wa baridi na nyama ya moto vinakutana mdomoni kwa pamoja, nami hilo nililipenda sana. Shoga yangu alikula kimoja, akanisogezea sahani.

Sasa kasoro. Kababu za chapli ni bapa, pana kama kiganja, zina nyanya na mbegu za giligilani ndani, na zikipikwa vizuri ukingo huwa mkavu na katikati kuna unyevu. Zetu zilikuwa kavu hadi kati na chumvi imezidi. Nilimwita mhudumu nikamwambia. Hakubishana, akaziondoa, lakini zilizofuata zilikuja baada ya dakika ishirini na tano, tumeshashiba. Hazikupunguzwa kwenye bili. Pia sinki la kunawia halikuwa na sabuni, na hilo kwa mahali watu wanapokula kwa mkono sikulipenda hata kidogo.

Bili ilikuwa dirhamu 140: karai 55, pilau 35, mantu 25, chapli 20, na jagi dogo la doogh 5. Doogh ni mtindi uliozimuliwa kwa maji, ukatiwa chumvi, nanaa na vipande vya tango. Kwa chakula chenye mafuta namna ile, kinywaji hicho kinafaa kuliko soda. Chai ya kijani yenye iliki ilikuja mwisho kwenye birika, hatukuilipia.

Mhudumu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ananiita "khala". Mwenzangu akageuka haraka, akaniuliza kama nimesikia. Kwao Unguja mama mdogo ni khaloo. Akamweleza yule kijana kwa Kiarabu chake cha sokoni, na kijana akaweka mkono kifuani akasema ndiyo, ni huyo huyo, dada yake mama. Kuanzia hapo mwenzangu naye akawa khala, na mikate ikawa haikauki mezani.

Ushauri wangu: nenda baada ya alasiri, kabla ya magharibi, wakati wafanyakazi hawajatoka makazini na vyumba vya familia viko wazi. Mkiwa wanne, pilau mbili na karai kilo moja zinatosha, chapli ziacheni.

Wali uliobaki walitufungia bila kuombwa, wakaongeza mkate mmoja ndani ya gazeti. Tuliula saa sita usiku chumbani, kwa mkono, juu ya boksi la madera tulilokuwa tumemaliza kulifunga kwa gundi. Ulikuwa umepoa na karoti zimenywea ndani ya mchele. Mwenzangu, aliyesema mezani kwamba pilau ya sukari haijui, alilamba mpaka mfuniko.